Uji, Shizuoka au Chiran: safari ya chai ya Japani uielekeze wapi?

Anayekwenda Japani kwa ajili ya chai hukwama mapema sana. Siku alizotenga kwa chai ni mbili au tatu, na maeneo yenyewe yametawanyika. Uji iko jirani na Kyoto, Shizuoka iko njiani kati ya Tokyo na Kyoto, na Chiran iko karibu na ncha ya kusini ya kisiwa cha Kyushu. Wengi huchagua Uji kwa kuwa jina lake wamelizoea, kisha hushinda mjini siku nzima bila kuona shamba hata moja. Wengine hukimbilia Shizuoka mwezi Januari wakitarajia kuona watu wakichuma.

Tunapendekeza uanze na maswali mawili kabla ya kugusa ramani: ni chai gani unataka kuinywa mahali inapotoka, na utasafiri mwezi gani? Baada ya hapo ndipo huja suala la usafiri, mambo ya kuona, na ununuzi. Kwa vigezo hivyo vitano tunayapima maeneo yote matatu hapa chini. Hakuna linaloyashinda mengine kwa kila mtu, ila kwa mtu mmoja mwenye siku zake na ladha yake, moja huwa linamfaa zaidi.

Chai yenyewe

Karibu chai yote ya Japani ni ya kijani. Majani hupitishwa kwenye mvuke mara tu baada ya kuchumwa, joto likazuia yasigeuke meusi kama yale ya Kericho au Mufindi. Ladha hutofautiana kutokana na mambo mengi, lakini mawili ndiyo makubwa: mche ulifunikwa kivuli kwa muda gani kabla ya kuchumwa, na jani lilikaa kwenye mvuke kwa muda gani.

Uji ni nchi ya kivuli. Miche inayokusudiwa kuwa matcha, yaani chai ya unga, au gyokuro, yaani chai ya majani ya kivuli, hufunikwa kwa takriban siku 20 au zaidi kabla ya mavuno. Jua likipungua, theanini inayoleta utamu hubaki kwenye jani badala ya kugeuka katekini, ambazo ndizo zenye ukakasi. Ndiyo maana gyokuro nzuri haina ladha ya majani kabisa. Ni nzito na tamu kama mchuzi uliotiwa mwani. Matcha nayo hutokana na jani liitwalo tencha, ambalo halikusokotwa, likaondolewa vikonyo na mishipa, kisha likasagwa. Jiwe moja la kusagia hutoa kama gramu 40 tu kwa saa, na hapo utaelewa bei yake.

Lakini usiiweke Uji kwenye matcha peke yake. Mwaka 1738, katika kijiji cha Ujitawara kilicho karibu, Nagatani Soen alikamilisha njia ya kuchoma jani kwa mvuke na kulisokota huku likikauka. Sencha inayonywewa leo kila pembe ya Japani imetokana na njia hiyo. Angalia pia jina kwenye paketi: kwa kanuni ya mwaka 2004 ya chama cha wafanyabiashara wa chai wa Kyoto, chai inaweza kuitwa ya Uji hata kama jani limetoka mikoa jirani ya Nara, Shiga au Mie, maadamu imetengenezwa ndani ya Kyoto. Ukitaka jani la bonde fulani, tafuta jina la mji wake, kwa mfano Wazuka.

Shizuoka ni nchi ya sencha, nayo ina sura mbili ambazo watalii wengi huzichanganya. Kwenye uwanda wa juu wa Makinohara, Kikugawa na Kakegawa hutengenezwa fukamushi, yaani sencha iliyokaa kwenye mvuke mara mbili hadi tatu ya muda wa kawaida. Jani hulainika na kuvunjikavunjika, chai ikatoka ya kijani kibichi, nzito, yenye vumbi la majani, na ukakasi kidogo. Ukipanda milimani, kwenye mabonde ya Kawane au Honyama, mambo hubadilika: mvuke ni mfupi, jani hubaki refu kama sindano, chai hung'aa rangi ya dhahabu na harufu ndiyo inayotawala. Mtu aliyeonja fukamushi pekee hajaijua Shizuoka. Bonde la Asahina, upande wa Fujieda, lina gyokuro yake pia. Na mche wa Yabukita, uliotawala mashamba ya Japani kwa miongo mingi, ulichaguliwa katika mji wa Shizuoka mwaka 1908 na Sugiyama Hikosaburo. Mti wa asili bado umetunzwa mjini humo.

Chiran, ndani ya mji wa Minamikyushu mkoani Kagoshima, ni nchi ya aina mbalimbali za miche. Yabukita ipo, lakini utakutana zaidi na Yutakamidori, Saemidori na Asatsuyu: chai za kijani kilichokolea, tamu, zenye ukakasi mdogo sana. Asiyependa uchungu wa chai ya kijani mara nyingi hubadilisha mawazo hapa. Tangu mwaka 2017 chai za Chiran, Ei na Kawanabe zote zinauzwa kwa jina moja la Chiran. Usiuone mkoa huu kama wa pembeni: mwaka 2024 Kagoshima iliipita Shizuoka kwa uzalishaji wa chai, tani 27,000 dhidi ya 25,800, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu takwimu hizo zianze kuwekwa mwaka 1959.

Mwezi wa safari

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapokosea zaidi, na si kosa lake. Kwetu karibu na ikweta chai huchumwa mwaka mzima. Ukipita Njombe au Limuru mwezi wowote utawakuta watu shambani. Japani mche hulala wakati wa baridi. Mavuno ya kwanza, yaani shincha, ndiyo ya thamani kubwa, na katika sehemu moja hayazidi wiki chache.

Kagoshima hutangulia: kisiwa cha Tanegashima huanza mwishoni mwa Machi, na Chiran hushika kasi Aprili. Shizuoka hufuata mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, milimani wakichelewa zaidi ya uwandani. Uji na Wazuka ni Mei, na tencha mara nyingi huwa katikati ya mwezi. Mavuno ya pili huja Juni na kuendelea.

Shizuoka ina tatizo lake. Kilele cha shincha hugongana na mapumziko ya kitaifa ya tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei, ambapo nusu ya Japani iko safarini: treni zimejaa, hoteli zimepandisha bei. Ukiweza, fika kati ya tarehe 7 na 15 Mei, na uelekee milimani ambako bado wanachuma.

Tatizo la Uji ni la macho. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, mashamba mengi ya matcha yamefunikwa vitambaa vyeusi. Aliyekuja kupiga picha za vilima vya kijani hukuta mapaa meusi. Akiyaelewa anayoyaona, ni jambo zuri, maana kivuli ndicho siri ya Uji. Lakini kwa picha za mashamba ya sencha yaliyo wazi inambidi aende Wazuka na achague upande wa mashamba yasiyofunikwa.

Tatizo la Chiran ni mvua. Msimu wa mvua Kyushu ya kusini huanza karibu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, na Agosti na Septemba kuna vimbunga. Aprili ndio mwezi wake.

Na msafiri wa Desemba hadi Februari? Uji hapotezi mengi, kwa sababu uzuri wake mkubwa uko madukani na kwenye vyumba vya chai. Shizuoka nayo ina faida ambayo wachache huijua: hewa ya baridi ni safi na mlima Fuji huonekana vizuri kuliko Mei, hasa asubuhi. Isitoshe, kuanzia majira ya vuli wakulima wa Kakegawa hufyeka nyasi za vilimani, huzikausha na kuzitandaza kati ya mistari ya chai. Mfumo huo, chagusaba, ulitambuliwa na shirika la FAO mwaka 2013 kama urithi wa kilimo, na wakati wa baridi ndipo unapouona ukifanyika. Chiran ya baridi ni tulivu mno kwa mtu aliyefuata chai tu.

Jambo moja linahusu maeneo yote. Wiki nzuri kwa mgeni ndizo wiki ambazo mkulima hana hata dakika. Viwanda vinaendeshwa usiku na mchana, na mapokezi ya wageni mara nyingi husimamishwa. Ukitaka kuongea na mkulima kwa utulivu, njoo wiki mbili au tatu baada ya mavuno ya kwanza, wakati shincha ipo tayari mezani.

Kufika na kuzunguka

Uji ndiyo rahisi kupita kiasi. Kutoka stesheni ya Kyoto panda treni ya JR ya njia ya Nara: ya haraka huchukua kama dakika 17, ya kawaida chini ya nusu saa, nauli yeni 240 hivi. Mjini unatembea kwa miguu. Wazuka, ambako ndiko mashamba yaliko, inahitaji mpango: shuka stesheni ya Kamo, kisha basi la kama robo saa. Mabasi ni machache, takriban moja kwa saa, kwa hiyo piga picha ratiba ya kurudi mara tu unaposhuka. Ukishafika, kodi baiskeli yenye mota. Vilima vya huko vitakumaliza ukiendesha ya kawaida.

Shizuoka ni pana, na hapo ndipo siku hupotea. Treni ya kasi ya Hikari kutoka Tokyo hufika mjini Shizuoka kwa saa moja, lakini si kila Hikari inasimama, na Nozomi haisimami popote mkoani humo. Aliyepanda Nozomi kwa bahati mbaya atashuka Nagoya. Kakegawa inahudumiwa na treni ya kasi ya Kodama tu, yapata saa 1 na dakika 45 kutoka Tokyo. Kutoka Shizuoka hadi Kanaya kwa treni ya kawaida ni kama nusu saa. Chagua eneo moja kwa siku: uwanda (Kanaya na Kakegawa) au milima (Kawane au Honyama). Kuyaunganisha bila gari ni kujichosha. Ukienda Kawane kwa reli ya Oigawa, ile yenye treni za moshi, hakikisha kwanza treni inaishia wapi, kwani kimbunga cha Septemba 2022 kiliharibu njia na sehemu ya juu ikafungwa.

Chiran kuna gharama ya umbali. Treni ya kasi kutoka Hakata, stesheni kuu ya Fukuoka, hadi Kagoshima-Chuo huchukua saa moja na nusu hivi, kisha basi la kama saa 1 na dakika 20. Basi litakushusha kwenye mtaa wa nyumba za samurai, na si mashambani. Mashamba mazuri ya upande wa Ei, yenye mlima Kaimondake nyuma yake, yanahitaji gari. Japani huendesha kushoto kama kwetu, na barabara za huko ni tupu. Lakini kibali cha kimataifa cha udereva lazima kiwe cha mkataba wa Geneva wa 1949. Kile cha mkataba wa Vienna wa 1968 hakikubaliki, na kampuni ya kukodisha itakukatalia mlangoni hata kama umeshalipa. Soma jalada lake ukiwa bado nyumbani.

Kuona na kufanya

Uji ina mengi ndani ya eneo dogo. Duka la Tsuen, kando ya daraja la mto Uji, lilianzishwa mwaka 1160 na bado linauza chai. Taihoan ni nyumba ya chai ya manispaa, karibu na hekalu la Byodoin: unanunua tiketi kwenye ofisi ya utalii jirani, unakaa, unatengenezewa matcha na mtu aliyesomea kazi hiyo, bila kulipa bei za kumbi za Kyoto. Kwa anayeogopa taratibu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kitamu huliwa chote kwanza, ndipo unywe. Makumbusho ya Chazuna, yaliyofunguliwa mwaka 2021 karibu na stesheni ya Uji ya reli ya Keihan, yanaeleza chai na mji kwa pamoja, na kuna mafunzo mafupi ya kusaga matcha kwa jiwe. Saga polepole. Ukizungusha jiwe kwa pupa unga hutoka mkubwa, na matcha yako itakuwa na chenga ulimini.

Shizuoka ndiko mahali pa kuelewa kilimo. Panda kutoka Kanaya kwa njia ya zamani ya mawe hadi uwanda wa Makinohara. Ardhi hii ilianza kulimwa chai mwaka 1869 na samurai waliokuwa watumishi wa utawala wa Tokugawa, waliopoteza kazi utawala ulipoanguka; wavushaji wa mto Oi nao waliingia kazi yao ilipofutwa. Leo mistari ya chai inafika hadi upeo wa macho. Feni zinazosimama juu ya nguzo ni za kuzuia jalidi: usiku wa Machi na Aprili husukuma chini hewa ya juu iliyo na joto kidogo, chipukizi wasiungue. Juu hapo kuna makumbusho ya chai ya mkoa, kiingilio yeni 300, hufungwa Jumanne. Wengi hupanda Jumanne na kukuta mlango umefungwa. Mwenye miguu yenye nguvu apande Awagatake upande wa Kakegawa, mita 532, mlima wenye herufi kubwa ya neno chai iliyopandwa kwa miti.

Chiran inaonyesha chai ya leo. Mashamba ni tambarare na mashine zinazoendeshwa kama trekta hupita juu ya mistari zikichuma na kuvuta majani kwa hewa. Mtu aliyezoea kuona vikapu mgongoni atashangaa, ingawa ukweli ni kwamba uchumaji wa mkono umebaki kwa chai ghali chache tu kote Japani. Viwanda vya mkoa huu vina mitambo ya kuosha majani, kwa sababu ya majivu ya volkano ya Sakurajima. Hakuna mtaa wa maduka ya chai kama wa Uji. Kuna bustani 7 za samurai, nzuri na tulivu, na makumbusho ya marubani waliotumwa kufa mwaka 1945. Usiyaweke kati ya vituo viwili vya kuonja, yape nusu siku yake.

Popote uendapo, usiingie kati ya mistari bila ruhusa. Ni mali ya mtu, huenda dawa imepulizwa, na chipukizi lililokanyagwa ndilo mavuno yenyewe. Na usipake manukato siku ya kuonja. Jani la chai hunyonya harufu ya kila kitu.

Kununua na kunywa

Tangu mwishoni mwa 2024 matcha imekuwa adimu, na maduka mengi ya Uji huweka kikomo cha kopo moja au mawili kwa mteja. Daraja za juu huweza kuisha asubuhi. Nenda duka linapofunguliwa. Kopo ni dogo, mara nyingi gramu 20 hadi 40, na matcha ikifunguliwa huchakaa ndani ya wiki chache, kwa hiyo kununua mengi hakuna faida. Ukiihifadhi kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla ya kufungua, la sivyo unyevu utaganda juu ya unga.

Kwa sencha, Shizuoka na Chiran ndizo za kujaza begi. Paketi ya kawaida ni gramu 100, na kwa yeni 1,000 hivi unapata chai ya kweli ya kila siku. Wazuka pia ina duka la pamoja la wakulima ambapo unaweza kulinganisha mashamba kadhaa mezani.

Ukionjeshwa, zingatia vipimo, kwani utavihitaji nyumbani. Sencha ya watu wawili: gramu 4, mililita 180 za maji ya nyuzi 70 hadi 80, dakika moja. Fukamushi hutosha sekunde 30 hadi 45, na inataka buli lenye chujio laini, vinginevyo tundu litaziba. Gyokuro: gramu 5, mililita 60, nyuzi 50 hadi 60, dakika mbili. Maji yanayochemka, yale tunayotia kwenye chai ya maziwa, hutoa katekini na kafeini zote kwa pamoja, ndipo watu wanasema chai ya kijani ni chungu. Huna kipimajoto? Kila ukihamisha maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine hushuka kama nyuzi 10.

Msafiri Mwislamu aulize kuhusu jeli za matcha: nyingine ni za mwani, nyingine za gelatini.

Nani aende wapi

Una siku moja tu na umefikia Kyoto au Osaka: Uji. Asubuhi Taihoan na maduka, mchana Chazuna. Wazuka usiibane ndani ya siku hiyo; ipe yake.

Matcha na gyokuro ndizo zilizokuleta, au una mzee ambaye hawezi kutembea sana: Uji tena, isipokuwa wikendi za Novemba, umati wa kutazama majani mekundu unapojaza mitaa.

Unalima chai, unauza chai, au umekulia karibu na mashamba na unataka kulinganisha kazi: Shizuoka kwa historia na udongo, Chiran kwa mashine na aina za miche. Ukiwa na siku tano, fanya zote mbili na uiache Uji.

Unasafiri wakati wa baridi na unataka bado kuona shamba: Kakegawa.

Uko Fukuoka mwezi Aprili na una kibali sahihi cha udereva: Chiran, ulale usiku mmoja Kagoshima. Bila gari, fikiria mara mbili.

Unataka kuchuma kwa mkono wako mwenyewe: weka nafasi angalau mwezi mmoja kabla, kwa Wazuka au Shizuoka, kuanzia tarehe 7 Mei. Uliza swali moja tu katika barua pepe yako: mvua ikinyesha, mnafanya nini? Mwenyeji makini atakuwa na jibu, kwa kuwa jani lililolowa halichumwi, nawe utahitaji siku ya akiba.